Sauti ya Mzee Lomayani na Pini Isiyoingia Yote

Vijana wa karakana wameniomba niandike niliyojifunza kazini kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu nistaafu, mke wangu Mama Upendo amechoka kusikia habari za nyaya, na ameniambia waziwazi kwamba karatasi haina masikio ya kuumia. Ya pili, ni kazi inayofanyika nikiwa nimekaa nyumbani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Ningepewa nafasi, hata kanisani ningehudhuria kupitia dirishani. Lakini Mungu naye ana utani wake: mtu asiyependa kutoka kwake ndiye aliyepewa kazi ya kushinda kwenye sebule za watu, amepiga magoti nyuma ya makabati yao, akivuta vumbi lao.

Habari za vyeo sitaandika, maana nilianza fundi nikamaliza fundi. Nitaandika habari za waya wa spika, pini zake na sabufa za majumbani, na jinsi posa ya watu huko Kisongo ilivyobaki kidogo tu ivunjike kwa sababu ya pini moja. Mkilala kabla ya kufika hapo siwalaumu. Mimi mwenyewe kidato cha nne nililala vipindi vingi vya fizikia, kisha nikaishi kwa sumaku na umeme mpaka mvi.

Siku ya kwanza dukani mjini nilikabidhiwa kwa Mzee Shabani. Wazazi wake walitoka Tanga, yeye mwenyewe kazaliwa Arusha hii hii, lakini baridi ya mwezi wa saba hakuwahi kuizoea. Alikuwa anaunguza solda amevaa koti na kofia ya kiua juu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kumenya waya?"

"Najua," nikasema, nikauweka waya mdomoni.

Akanitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyejipa dawa mwenyewe. "Hayo meno umepewa ule nyama. Siku ukijisahau ukamenya waya wenye moto, wenzako watakula pilau lako."

Siku ile sikugusa kitu kingine. Nilimenya waya kwa kisu, kidogo tu, urefu wa kucha, kisha nikasokota zile nywele za shaba mpaka zikawa kitu kimoja. Kila nikimaliza, Mzee Shabani alipitisha kidole. Unywele mmoja ukimchoma, anakata, ninaanza upya. Nilidhani ananionea. Baadaye nilikuja kuona ampilifaya nzuri zilizoungua kwa sababu ya unywele mmoja wa shaba uliotoka kwenye kibanio cha nyekundu ukaenda kumsalimia jirani mweusi. Salamu nyingine hazina heri.

Hicho kibanio ni kile cha kubonyeza nyuma ya boksi: unabonyeza, unachomeka, unaachia. Watu wengi huchomeka waya mpaka plastiki ya waya ndiyo inayobanwa, halafu wanalalamika spika imekufa. Haijakufa, imenyimwa chakula. Chuma kishike shaba, si nguo yake. Na waya wenyewe ukwangueni kwanza kwa ncha ya kisu: kukiwa na weupe ndani, hiyo ni shaba ya kupakwa, ya ndani ni alumini. Inafaa kwa mita chache. Ukiipitisha darini kutoka sebuleni mpaka barazani, spika itaimba kama mtu aliyekula haraka. Jamaa mmoja wa Olasiti alipitisha waya wa kengele ya mlango nyumba nzima, kisha akaniuliza kwa nini sabufa yake "haina kifua". Nikamwambia kifua inacho, ila chakula kinapita kwenye mrija wa peremende.

Zipo pia pini nene za kisasa ambazo watengenezaji wanaziita ndizi. Ni nzuri sana, hazitikisiki. Shida ni kwamba ukimwambia Mmeru kwamba umemletea ndizi, hana budi kuuliza nyama iko wapi.

Somo kubwa la Mzee Shabani lilikuwa betri. Mfukoni mwa lile koti alikaa na betri ndogo ya redio, imeisha nusu. Aligusisha nyaya za spika kwenye ncha zake, mara moja tu, kufumba na kufumbua. Spika ikisukuma mbele, waya uliogusa kichwa cha betri ndio chanya. Ikijivuta ndani, umegeuza. "Rangi zinaweza kukudanganya," alisema, "mafundi wenzako ndio kabisa. Ngozi ya spika haijui kusema uongo." Na sheria yake ya pili: kabla ya kutega sikio kwenye sabufa, weka kiganja kwenye boksi kubwa, lile la sauti nzito. Sikio linapenda wimbo, linasahau kazi. Kiganja hakijui wimbo.

Nilielewa maana ya betri nikiwa mtaa wa Sokon One, kwa mama mmoja mwenye sebule safi kuliko wodi. Spika zake mbili mpya zilipiga, lakini ukikaa kwenye kochi la katikati sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba, imesambaa, kama anaimbia bafuni kwa jirani. Nilizunguka nyumba nikitafuta ubovu, kumbe spika moja ilikuwa imegeuzwa waya. Moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Ni kama watu wawili kwenye pipa, mmoja anajaza maji na mwingine ametoboa chini. Nikageuza waya, mwimbaji akarudi katikati ya kabati, chini ya picha ya ubatizo.

"Nani aligeuza?" akauliza mama.

"Mliwahi kusafisha nyuma ya kabati?"

"Kila Krismasi! Unataka wageni wakute buibui?"

Hapo ndipo nilipogundua mavuno yetu yanatoka wapi. Sisi watu wa Arusha, mgeni wa maana akitarajiwa, nyumba huvuliwa nguo. Makochi yanatolewa nje, kuta zinapakwa rangi, vitambaa vya kufuma vinafuliwa na kupigwa wanga, na sabufa inachomolewa kila kilichochomeka. Kisha kila mtu anarudisha anavyokumbuka. Jioni ya siku ya rangi, hakuna anayekumbuka vizuri. Vijana, Desemba msiombe likizo.

Sasa Kisongo.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho mwisho kazini. Kijana mmoja aitwaye Saruni alikuja dukani, mstaarabu, amevaa vizuri, lakini uso wake kama wa mtu aliyepoteza ng'ombe. Nikamuuliza sabufa ina shida gani.

"Sabufa haina shida, fundi. Shida ni baba. Jumamosi wazee wanatakiwa kwenda kupeleka posa kwa kina Naserian, mchumba wangu. Mablanketi yapo, sukari ipo, wazee wameshaambiwa. Baba anasema haendi."

"Hampendi binti?"

"Anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Ila anadai baba yake binti, Mwalimu Zakaria, amemtoa kwenye wimbo."

Ikabidi nivute stuli. Mzee Lomayani, baba yake Saruni, na Mwalimu Zakaria walikuwa wameimba kwaya pamoja tangu ujana, Zakaria mwalimu wa kwaya, Lomayani mwimbaji kiongozi. Karibuni wazee wa kwaya ile walirekodi wimbo mmoja studio, wa kumbukumbu. Zakaria akamtumia Lomayani wimbo kwenye simu. Mzee akachomeka simu kwenye sabufa, akaita majirani, akaweka mikono kifuani. Kwaya ikaimba. Yeye hakusikika.

"Na posa bila baba haiendi," nikasema.

"Wazee wengine wamekataa kuongozana bila yeye. Na kina Naserian wakikaa Jumamosi nzima wakisubiri wageni wasiotokea, fundi, hakuna kurudi tena pale."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, mimi ambaye kwenda Kisongo kwangu ni kama kwenda ng'ambo. Upepo wa kule ulinijaza vumbi masikioni, na masikio ndiyo niliyokuwa nimeitiwa.

Mzee Lomayani alikuwa sebuleni, mrefu, amekaa wima kama anapigwa picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe una masikio?"

"Ninayo, ingawa yamechakaa."

"Keti. Sikiliza." Akagusa simu. Ikatoka kwaya, akina mama kushoto, wanaume kulia, vizuri tu. Kisha wimbo ukafika mahali pa mwimbaji kiongozi, na pale palikuwa na shimo. Kwaya ilikuwa inaitikia mtu ambaye hayupo, kama watu wanaoongea na simu.

"Kwaya ipo?" akaniuliza.

"Ipo."

"Mimi nipo?"

"Hupo, mzee."

Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Fundi wa mjini amesema sipo."

"Lakini baba," Saruni akasema, "kwenye simu yenyewe bila sabufa unasikika! Tumekusikilizisha!"

"Ndiyo ujanja wenyewe! Kwenye simu wameniacha ili nisilalamike. Kwenye sabufa, mbele za watu, wamenitoa. Zakaria ni mwalimu, akili hiyo haimshindi. Maisha yake yote ananiambia Lomayani unaingia mapema, Lomayani unaingia mapema. Sasa ameamua nisiingie kabisa. Mtu kama huyo nikamwombe binti?"

Kutoka jikoni, Mama Saruni akapaza sauti: "Wiki nzima tunaimbiwa huo wimbo usiokuwa na mwenyewe. Fundi, ukishindwa kumrudisha, basi ichukue na hiyo sabufa."

Nilianza na betri. Nyaya za spika zilikuwa sawa zote, chanya kwa chanya. Nikachomoa zile pini mbili za mviringo, nyekundu na nyeupe, zinazoingia kwenye ampilifaya, nikazisafisha, nikazirudisha. Shimo likabaki pale pale. Nikatoa waya wangu mwenyewe kwenye begi, nikabadilisha wote. Bado. Saruni akaanza kutembea sebuleni, akawa anahesabu vigae.

Hapo nikakumbuka sheria ya pili. Nikaweka kiganja kwenye boksi kubwa. Kimya. Halikuwa linadunda hata kidogo, limekaa kama mgeni asiyejua lugha. Kwa hiyo mzee hakuondoka peke yake, aliondoka na besi. Na vijana, shikeni hili: mwimbaji na besi wakitoweka kwa pamoja, kwaya ikabaki, msifungue ampilifaya. Fuateni njia ya kurudia umeme.

Pini ya simu ina kichwa, kiuno na shina. Kichwa ni kushoto, kiuno ni kulia, shina ni njia ya kurudia ya wote wawili. Shina lisipogusa, kushoto na kulia vinaanza kuvutana vyenyewe kwa vyenyewe. Chochote kilicho sawasawa pande zote kinafutana, kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaovuta kamba: kamba haiendi popote. Na nani huwekwa sawasawa pande zote, katikati kabisa ya wimbo? Besi, na mwimbaji kiongozi. Kwaya iliyokaa pembeni inapona.

Nikaitazama ile simu. Ilikuwa imevaa kava la ngozi nene, limeshonwa kwa shanga nyekundu, nyeupe na bluu, kazi nzuri ya mkono. Na kati ya kava na pini, kamstari kembamba ka fedha kalikuwa kanameta. Pini haikuwa imeingia yote. Ngozi ilikuwa inaizuia.

Nikaisukuma kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote. Boksi kubwa likakohoa, vitambaa vikatetemeka juu ya kabati, na Mzee Lomayani akalipuka sebuleni katikati ya ubeti, sauti nzito, imejaa, mpaka kuku walikimbia barazani. Nikaachia. Akapotea. Nikasukuma, akarudi.

"Mzee," nikasema, "Mwalimu Zakaria hakukutoa. Ni hili kava."

Nilitegemea shangwe. Badala yake Saruni alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama Saruni akatokea jikoni na mwiko mkononi, akaangalia simu, kisha mumewe, kisha simu.

"Kava hilo kaleta nani?" nikauliza, mjinga mimi.

"Naserian," Saruni akasema kwa sauti ya kuzimia. "Alimshonea baba kwa mikono yake."

Mimi nilikuwa nimemsafisha baba na kumchafua binti, na posa ilikuwa ya binti. Mzee akalichukua kava, akaligeuza polepole.

"Hii ni ngozi ya nini?"

"Mbuzi, baba."

"Mbuzi wa nani?"

Mama Saruni ndiye aliyejibu, na tayari mabega yalikuwa yanamtikisika. "Baba Saruni, umesahau? Ni yule beberu uliyemchinjia Naserian alipokuja kutusalimia mara ya kwanza. Ukamwambia ngozi achukue, akaitengeneze kitu."

Mzee Lomayani akapitisha kidole gumba kwenye shanga za lile kava. "Kwa hiyo," akasema, "nimetolewa kwenye kwaya na beberu wangu mwenyewe."

Mama Saruni akaketi sakafuni na mwiko wake, akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Saruni, ili jambo liishe upesi, akachomoa kisu kiunoni mwa kijana mchunga ng'ombe aliyekuwa amesimama mlangoni akishangaa, akataka kukata ngozi kuzunguka tundu.

"Rudisha kisu!" mzee akafoka. "Zawadi ya mke wa mwanangu haikatwi."

Mke wa mwanangu. Saruni alisimama na kisu mkononi, hajui akiweke wapi.

Basi hatukukata zawadi, tulikata pini. Nilichukua waya, nikachonga ile plastiki nene ya shingo ya pini, kidogo kidogo, nikiigeuza kama mtu anayemenya kiazi, mpaka ikapita kwenye tundu la ngozi na kuingia yote. Ilipofika mwisho ilitoa mlio mdogo, *tik*. Mzee alisikiliza wimbo mpaka mwisho, mikono kifuani. Kisha bila kumtazama mtu akauliza, "Jumamosi tunatoka saa ngapi?"

Ningependa kuishia hapo na kurudi kwangu. Lakini mzee aliamuru: "Na fundi atakuja. Na waya wake. Nataka Zakaria anisikie kwenye sabufa yake mwenyewe." Mama Upendo aliposikia nimealikwa posa ya watu nisiowajua, alinichagulia shati kwa furaha ambayo bado naifikiria.

Kwa Mwalimu Zakaria tulipokelewa vizuri. Nyumba inanukia rangi mpya, vitambaa vimesimama kwa wanga. Mngesoma kwa makini mngekuwa mmeshaanza kuogopa. Mimi sikuogopa, niliona chapati. Mzee Lomayani alikataa kufungua mazungumzo kabla ya wimbo, mablanketi yakakaa pale mlangoni yamefungwa kamba. Nikachomeka simu, *tik*. Boksi kubwa likadunda. Nikatabasamu.

Kisha mwimbaji akaingia, naye alikuwa amekonda. Sauti nyembamba, imesambaa, kama inatoka bafuni kwa jirani.

Mzee Lomayani aligeuza shingo taratibu, akamtazama Zakaria, kisha akanitazama mimi, kisha mkono wake ukaenda kwenye fimbo. Wazee walioongozana naye wakaanza kuzikusanya zao. Mlangoni kwa jikoni nikamwona Naserian na sinia la chai, amesimama kama aliyemwagiwa maji.

"Mwalimu," nikasema haraka, "nyumba mmesafisha lini?"

"Jana. Makabati yote tulitoa. Kwani vipi?"

"Tuombe kwanza," nikasema, nikisimamisha wimbo. Katika maisha yangu yote sijawahi kuongoza watu kwenye maombi, ila siku ile niliona haja. Mwalimu, mtu wa kanisa, hakuweza kukataa. Vichwa vikainama, nami nikapiga magoti nyuma ya kabati kama nilivyozoea. Betri mfukoni, gusa kulia: imesukuma. Gusa kushoto: imejivuta. Nikabonyeza kibanio, nikageuza waya, nikasokota nywele zote vizuri. Waliposema amina nilikuwa nimesimama, nina buibui kwenye nyusi. Jana yake hawakummaliza.

Nikarudisha wimbo mwanzo. Lomayani akaingia katikati ya kabati, mzito, mzima, amejaa nyumba yote. Mwalimu Zakaria akafumba macho, kidole chake kikawa kinapiga mapigo hewani. Wimbo ulipoisha kila mtu alimtazama yeye.

"Lomayani," akasema, "una sauti. Sijawahi kusema huna." Kidole chake kikapiga pigo moja zaidi hewani. "Ila umeingia mapema."

Nikaona fimbo inanyanyuka. Lakini ilinyanyuka ili mwenyewe asimame.

"Nimeingia mapema, ndiyo," akasema Mzee Lomayani, "na hata leo nimeingia mapema, kabla hawajaingia wengine kumwomba huyu binti. Leteni mablanketi."

Naserian hakuweka sinia chini mpaka alipokumbushwa. Mimi nilipewa chai ya kwanza, nikaipokea na buibui wangu.

Siku hizi nipo nyumbani, mahali pangu. Mama Upendo anasema spika yetu ya kushoto ina walakini tangu tupake rangi. Nimemwambia nitaiangalia. Ameniuliza lini, kwa sauti ya katikati kabisa, sawasawa pande zote, na katika nyumba hii hakuna pini inayoweza kuifuta.